Nimeweka sikio kwenye kaburi la Mtakatifu Naum, Ohrid, nikasikia moyo unadunda. Nilisikia nini?

Ughaibuni77
Wakuu, salaam. Naishi Ujerumani mwaka wa sita sasa. Juni iliyopita mimi, mke wangu na dada yake tulikwenda Ohrid, mji mkongwe kando ya ziwa la jina hilohilo, Makedonia Kaskazini. Mji wenyewe nitauelezea baadaye, maana ni mzuri mno. Leo nina swali moja.

Siku ya tatu tulipanda boti asubuhi hadi Monasteri ya Mtakatifu Naum, kusini kabisa mwa ziwa. Kwa barabara ni kilomita 29 kutoka mjini, na mpaka wa Albania uko hapo jirani. Uani kuna tausi wanatembea kama kuku wa nyumbani, mmoja mweupe pee. Kanisa ni dogo, lina giza, kuta zote zimechorwa, linanuka nta. Pembeni kuna kichumba, na humo ndimo lilimo kaburi. Watu wanapanga foleni. Kila mmoja akifika anainama na kulaza sikio juu ya jiwe. Mbele yangu kulikuwa na mama mtu mzima, kajitanda kitambaa cheusi, akakaa pale mpaka mwanawe akamgusa bega.

Nikainama. Jiwe likanipa baridi ya shavu. Kimya kidogo, halafu: du... du... du... Mbali, taratibu, kama mtu anatwanga kinuni nyumba ya tatu. Nikainuka, nikarudia. Ikaja tena. Mke wangu alisikia. Shemeji yangu aliinama mara mbili, hakusikia kitu, akatoka nje na huzuni.

Wenyeji wanasema ni moyo wa mtakatifu, aliyefariki mwaka 910. Sitaki tugombee imani ya mtu. Nataka kujua nilisikia nini.

Kaka Mkubwa
Naweka kiti hapa. Wajuzi waje.

Nesi Mstaafu
Mwanangu, umesikia mapigo yako mwenyewe. Weka kidole mbele ya tundu la sikio, pale panapoanzia shavu. Kuna mshipa unapiga hapo. Ukilaza sikio kwenye jiwe gumu, sauti za nje zinakatika, inabaki ile ya mwilini mwako. Ni sawa na kuweka kome la bahari sikioni ukasikia mvumo, ule ni mvumo wa damu.

Ughaibuni77
Shikamoo mama. Kinachonisumbua ni kasi yake. Nilikuwa nimetoka gatini, nimepanda kilima na jua kali, moyo wangu unakwenda mbio. Ule wa kaburini ulikuwa wa polepole.

Nesi Mstaafu
Marahaba. Ulishika kifundo cha mkono ukahesabu wakati sikio liko kwenye jiwe?

Ughaibuni77
Hapana mama.

Nesi Mstaafu
Basi hujui ulikuwa wa polepole kiasi gani. Mgonjwa aliyelala akiogopa humwambia daktari moyo unakimbia, ukihesabu unakuta 70. Kukisia si kupima.

Bint Makadara
Mama yetu, kwenye mapigo nakubaliana nawe, ila kwenye kome umeteleza kidogo. Sisi wa pwani tumekua na makome. Ule mvumo si damu. Ni sauti za nje zinazunguka ndani ya kome na kurudi zikiwa nzito. Ingia nalo chumba kisicho na sauti kabisa, mvumo unapotea, na damu yako bado inatembea.

Nesi Mstaafu
Ahsante bint, nimepokea. Tulifundishwa hivyo shuleni na sikuwahi kuhoji. Kaburi bado nasimama na mapigo.

Fundi Visima
Niruhusuni na mimi. Nimechimba visima Dodoma na Singida miaka 19, na kabla ya kujibu hapa nimekaa na ramani ya hilo eneo. Juu ya Ohrid kuna ziwa lingine, Prespa, liko kama mita 150 juu zaidi usawa wa bahari. Katikati ya maziwa mawili kuna mlima Galičica, na mlima huo ni mawe ya chokaa yaliyojaa nyufa na mapango. Prespa halina mto unaotoka juu ya ardhi. Maji yake yanazama, yanapita tumboni mwa mlima, yanaibukia chini upande wa Ohrid. Yanaibukia wapi? Hapohapo kwa Naum, na ng'ambo ya mpaka Albania.

Sasa maji yakipita kwenye chokaa hayaendi sawasawa kama bombani. Shimo linajaa, linamwaga, linajaa, linamwaga. Nimewahi kuweka sikio kwenye bomba la kisima nikasikia kitu hichohicho: du, kimya, du. Mkuu, ulisikia Prespa ikishuka.

Ughaibuni77
Fundi, umenisisimua. Chemchemi nimeziona. Baada ya kutoka kanisani tulikodi mtumbwi wa makasia hapo chini. Maji ni maangavu kiasi kwamba kivuli cha mtumbwi unakiona chini kwenye mchanga. Na mchanga wenyewe unachemka! Unatutumka kama uji ulioanza kuiva, vishimo vinafunguka na kufunga, ila ukitia mkono ni baridi unaouma vidole. Mpiga makasia alisema maji hayo yanakatiza ziwa zima bila kuchanganyika na kutokea Struga kama mto Drini Mweusi.

Fundi Visima
Kutokea Struga ni kweli, Drini Mweusi unatoka ziwani pale na kwenda hadi bahari ya Adriatiki. Kukatiza ziwa bila kuchanganyika, hapana. Maji hayana uzio.

Kalamu Nzito
Fundi, jiolojia yako iko vizuri. Watafiti walishathibitisha njia hiyo, waliweka alama kwenye maji ya Prespa zikaonekana kwenye chemchemi za chini. Tatizo lako ni mahali. Chemchemi ziko chini pembeni, kanisa liko juu ya mwamba. Nani amepima kama kuna maji yanapita chini ya kaburi lenyewe?

Na niongeze jambo. Monasteri ilianzishwa mwaka 905, lakini kanisa mnaloliona si la mwaka huo. La kwanza lilibomoka, hili limejengwa upya kwa vipindi katika karne za Waturuki, na michoro mingi ya ndani ni ya mwaka 1806. Kwa hiyo bamba aliloinamia mkuu si lazima liwe la siku ya mazishi.

Fundi Visima
Sauti hupanda kwenye mwamba, Kalamu. Mwamba mgumu hubeba sauti kuliko udongo. Sina kipimo, ila sijaona sababu ya kuliondoa jibu langu.

Muorthodoksi wa Nyeri
Amani kwenu. Mimi ni Muorthodoksi, Kenya tuko wengi kuliko mnavyofikiri, hata seminari tunayo Nairobi. Nimefika kwa Naum mara moja nikiwa na kundi la hija, na tulikuwa pale Julai 3, sikukuu yake. Uwanja ulijaa watu kutoka kila pembe, Wamasedonia, Waalbania, wengine wamelala nje na blanketi.

Naum alikuwa mganga wa wagonjwa wa akili. Familia zilimleta mtu wao hapo, akalala karibu na kaburi, wakamwombea. Ukutani kuna mchoro wa dubu amefungwa nira pamoja na ng'ombe. Dubu alikuwa amemla ng'ombe mmoja wa mkulima, mtakatifu akamwamuru avute jembe badala yake. Mtu anayeleta mwanawe aliyechanganyikiwa hatafuti maelezo ya mishipa. Anataka kujua kama yule aliyelala pale bado anasikiliza. Mimi nilisikia mapigo, na kwangu ni moyo wake. Sioni haya kusema hivyo hapa.

Nesi Mstaafu
Wala usione haya, mwanangu. Nimefanya kazi wodi ya wagonjwa wa akili miaka 8, najua macho ya mama anayeleta mtoto.

Bint Makadara
Muorthodoksi, nikupe ya upande wetu. Waislamu wa tarika ya Bektashi huko Albania na Makedonia nao huzuru kaburi hilohilo, ila wao humwita aliyelala humo Sari Saltik, dervishi (sufi) mtembezi. Sari Saltik husimuliwa kuwa na makaburi mengi, kila nchi ina lake, kwa sababu aliusia jeneza zaidi ya moja. Kwa hiyo hapo pana watu wa dini mbili wanalaza sikio kwenye jiwe moja, na kila mmoja anasikia wa kwake. Mjini Ohrid penyewe kuna zawiya ya Halveti, tarika nyingine, na misikiti ya zamani karibu na ule mti mkubwa wa mchinari sokoni.

Kaka Mkubwa
Mie nauliza kitu kidogo. Boti za watalii si zinawasha injini pale chini? Injini ya dizeli ikiwa silensa, inawaka bila boti kwenda, inapiga du du du vizuri tu. Na hapo monasterini nasikia kuna hoteli, ina majokofu.

Muorthodoksi wa Nyeri
Tulilala hapo, Kaka. Nilisikia kabla boti ya kwanza haijafika. Majokofu sikuyakagua.

Kaka Mkubwa
Basi boti natoa. Majokofu nabaki nayo mpaka mtu ayakague.

Safari Njema
Uzi mtamu. Mimi nauliza ya mji. Ni kweli Ohrid ina makanisa 365, moja kwa kila siku ya mwaka? Na ni kweli ndilo ziwa kongwe kuliko yote duniani?

Mvuvi wa Kibirizi
Hapo kwenye ziwa kongwe nimeamka. Siyo kweli! Ohrid ni kongwe kwa Ulaya. Mwaka 2013 wanasayansi walitoboa tope la chini ya ziwa, wakatoa nguzo ndefu ya tope na kuisoma tabaka kwa tabaka, wakapata umri wa miaka milioni 1.36. Ziwa letu Tanganyika lina miaka milioni 9 hadi 12. Baikal la Urusi ni kongwe zaidi, kama milioni 25. Kwa kina, Ohrid ni mita 288. Tanganyika ni mita 1,470.

Kaka Mkubwa
Mvuvi, kila uzi lazima utuletee Tanganyika. Hata ule wa bei ya saruji ulituletea.

Mvuvi wa Kibirizi
Na huu ndio mahali pake hasa. Maziwa mengi duniani ni machanga, yameachwa na barafu juzi tu, miaka elfu kumi na kitu. Ziwa likikaa miaka laki nyingi bila kukauka, viumbe vinapata muda wa kuwa vya kwake. Tanganyika tuna samaki wasiopatikana kwingine popote. Ohrid, pamoja na udogo wake wa kilomita za mraba 358, lina zaidi ya aina 200 za viumbe visivyopatikana kwingine: konokono, sifongo, samaki. Ndiyo maana wataalamu wanayataja maziwa haya pamoja. Mtu wa Kigoma akifika Ohrid hajaenda ugenini.

Mkuu Ughaibuni, ulikula samaki gani?

Ughaibuni77
Mkahawani walituletea trauti ya Ohrid, wao wanaiita pastrmka, imejazwa vitunguu na nyanya ndani. Nyama yake ina rangi ya waridi hafifu. Tamu sana. Siku nyingine tukala gravče tavče, maharage makubwa meupe yaliyookwa kwenye chungu mpaka juu yakafanya ukoko. Mke wangu alidhani yameokwa kwa mkaa, akaomba kuuona jikoni, akakuta ni tanuri la kawaida tu.

Mvuvi wa Kibirizi
Trauti hiyo ilivuliwa mpaka ikakaribia kuisha. Mwaka 2004 Makedonia iliupiga marufuku uvuvi wake kwa miaka kadhaa. Mwenye mkahawa muulize samaki katoka ziwani au kafugwa. Nasema hili kwa uchungu, maana tumeona hata huku migebuka inavyopungua na watu wanakula kimya.

Kalamu Nzito
Makanisa 365: hadithi hiyo hunasibishwa na Evliya Çelebi, msafiri Mturuki wa karne ya 17. Ukitaka kuyahesabu yaliyosimama leo mjini hufiki hata robo. Wengine husema idadi inajumlisha vikanisa vya familia na vya mapangoni kuzunguka ziwa. Wengine husema 365 ni namna ya kusema "mengi", kama sisi tunavyosema mia na moja.

Lakini yaliyopo yanatosha kumaliza siku tatu. Mtakatifu Sofia, la karne ya 11, liligeuzwa msikiti na michoro ikapakwa chokaa, na chokaa hiyo ndiyo iliyoihifadhi. Peribleptos, michoro ya mwaka 1295, wachoraji wawili Mihail na Eutihij waliandika majina yao ndani ya picha, kwenye mavazi na silaha za watakatifu. Kaneo, lile la kwenye kila kadi ya posta, juu ya jabali linalotazama maji. Halafu Plaošnik, alipofundisha Klement, rafiki na mwenzake Naum. Hapo ndipo ilipozaliwa herufi ya Kikirili, ile wanayoandikia Wabulgaria na Warusi.

Msomaji Kimya
Nimesoma siku zote bila kuandika, ila hilo la mwisho limenitoa. Mimi nilisoma Sofia, Bulgaria. Kikirili hakikuzaliwa Ohrid. Kirili na Methodio, ndugu wawili waliokuwa walimu wa Klement na Naum, walitunga Glagoliti, herufi ya zamani zaidi, kabla ya safari yao ya kueneza dini Moravia, Ulaya ya kati, mwaka 863. Kikirili kilikuja baadaye, na wataalamu wengi wanakiweka Preslav, mji mkuu wa zamani wa Bulgaria, kwenye shule ya mfalme. Naum mwenyewe alikuwa kwenye shule hiyo, ilipokuwa bado Pliska, kabla ya kuhamia Ohrid mwaka 893.

Kalamu Nzito
Kuhusu Glagoliti uko sahihi, na niliandika kwa mkato. Ila mapokeo ya kumpa Klement Kikirili yapo na ni ya zamani, mimi sikuyabuni.

Msomaji Kimya
Mapokeo yapo. Maandishi ya zamani zaidi ya Kikirili yapo mashariki, upande wa Preslav. Na Ohrid waliendelea na Glagoliti muda mrefu. Kama Klement ndiye aliyetunga herufi mpya, kwa nini wanafunzi wake waliendelea na ile ya zamani?

Kalamu Nzito
Kwa heshima ya mwalimu wa mwalimu wao, labda. Au kwa sababu alitunga akiwa mzee. Swali lako ni zuri na nitarudi nalo.

Bint Makadara
Wakati waalimu wanatafuta, mimi nina ya lulu. Shangazi yangu aliletewa kidani cha "lulu za Ohrid". Ziwa halina chaza wa lulu. Ni lulu za nini?

Ughaibuni77
Dada, niliingia kwenye duka moja. Kiini ni kipande cha kome kilichochongwa mviringo. Kinachovywa kwenye urojo uliotengenezwa na magamba ya plašica, kisamaki kidogo kama dagaa. Kinakauka, kinasuguliwa, kinachovywa tena, tabaka kwa tabaka. Zipo familia mbili zinazoshikilia siri ya urojo huo, na wanasema waliipata kwa Mrusi aliyekimbilia huko baada ya mapinduzi ya nchini kwake. Muuzaji aliishika moja, akaisugua kwenye jino lake, akanipa nyingine nijaribu. Maduka mengine yanauza plastiki, kwa hiyo mwulize shangazi alinunuliwa wapi.

Bint Makadara
Magamba ya dagaa yakawa lulu. Mvuvi, unasikia?

Mvuvi wa Kibirizi
Nasikia na naandika. Ila plašica nao wavuliwe kwa kiasi. Mwambao wa huko umejengwa ovyo kiasi kwamba UNESCO, walioliandika ziwa kuwa urithi wa dunia mwaka 1979 na mji mwaka 1980, wamekuwa wakijadili kuuweka mahali hapo kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Upande wa Albania uliongezwa mwaka 2019. Na Prespa la juu kina kimeshuka sana miaka ya karibuni. Fundi, kama sauti ya kaburini ni maji ya Prespa, Prespa likikauka kaburi litanyamaza?

Fundi Visima
Mvuvi, hilo sijalifikiria. Kama nadharia yangu ni sahihi, ndiyo. Chemchemi zitadhoofika kwanza. Karibu nusu ya maji ya chemchemi zile ni ya Prespa, na mengine ni mvua na theluji ya Galičica yenyewe. Theluji ikianguka zitaendelea, ila hazitatutumka kama mkuu alivyoona.

Nesi Mstaafu
Na kama ni mapigo, litaendelea kudunda maadamu kuna mtu anainama.

Muorthodoksi wa Nyeri
Na shemeji wa mkuu ambaye hakusikia? Mapigo anayo, maji yalikuwa yanapita, sikio alilaza.

Nesi Mstaafu
Huenda hakubana sikio vizuri. Huenda alivaa kilemba. Huenda ana presha ya kushuka.

Ughaibuni77
Alivaa kitambaa, ni kweli, kufunika kichwa kwa adabu ya kanisa. Lakini mke wangu pia. Nimemsomea shemeji uzi huu wote. Anasema aliinama akiwa na jambo zito la kuomba, na alichukua kimya kile kama jibu. Hakutaka kusema zaidi, nami sikumsukuma.

Muorthodoksi wa Nyeri
Mwambie nitamwombea.

Safari Njema
Wakuu, mimi naenda Septemba, nina likizo ya siku tisa. Nipo Uholanzi. Nifanyeje usafiri, na nijaribu nini pale kaburini ili tujue?

Ughaibuni77
Mimi niliingia kwa kibali changu cha ukaazi cha Ujerumani, sikuombwa viza. Kanuni hubadilika, thibitisha na ubalozi wao kabla ya kulipa tiketi. Ohrid ina uwanja wake wa ndege. Ukishukia Skopje, basi ni kama saa tatu na ushee. Fedha ni denari, yuro moja kama 61. Lala mji wa juu, zile nyumba nyeupe ambazo ghorofa zake zinajitokeza juu ya vichochoro, hata taa za barabarani zimetengenezwa kwa umbo la nyumba hizo. Viatu vyenye kushika, mawe yanateleza. Kwa Naum funika mabega na magoti. Njiani boti hupitia Ghuba ya Mifupa, kijiji cha nguzo juu ya maji kilichojengwa upya kama cha watu wa kale, usikose.

Nesi Mstaafu
Mwanangu, ukifika pumzika kwanza robo saa hapo nje kwa tausi. Ukiinama, vidole viwili kwenye kifundo cha mkono. Hesabu ya mkono sekunde 30, kisha ya jiwe sekunde 30. Zikilingana, tuzungumze. Zisipolingana, tuzungumze pia.

Fundi Visima
Na uende mara mbili, asubuhi na jioni. Maji hubadili mwendo.

Kaka Mkubwa
Na uwaulize wa hotelini majokofu yako wapi.

Bint Makadara
Jaribu sikio la kushoto na la kulia.

Safari Njema
Nimeyaandika yote. Nitaingia mapema kabla foleni haijajaa, ili nisimcheleweshe mtu aliyekuja kuomba. Nitarudi hapahapa na hesabu.

Ughaibuni77
Tunakusubiri. Shemeji anauliza kama kuna nafasi ya mtu mmoja zaidi kwenye safari hiyo.